Mnyasa ulipoanguka: miaka sita nalitazama pengo moja la msituni, na kwa nini sikupanda kitu

#1 MwanaMuheza

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite kwa amani.

Nakaa juu huku Usambara Mashariki, jirani na Amani. Aprili 2018, masika yamekolea, usiku wa manane tukasikia kishindo kama lori la chai limepinduka bondeni. Asubuhi tukakuta mnyasa umelala. Na haukuwa mnyasa wa kuchezea, mbavu zake za shinani zilinipita kimo. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, mizizi ikang'oka yote na bonge lake, na kwa kuwa kamba za msituni zilikuwa zimeufunga na jirani zake, ukaondoka na miti mingine minne. Ukisimama pale ukainua macho unaona mbingu. Waliowahi kuingia msitu ule wanajua mbingu haionekani hovyo mle ndani.

Nilipima kwa hatua zangu. Urefu hatua 46, upana 17 pale matawi yalipoangukia, na kwenye shina lenyewe hatua saba tu.

Ule ni msitu wa kijiji, unapakana na hifadhi. Wiki hiyohiyo kikaitwa kikao, hoja moja: pengo lizibwe, miche iagizwe. Mimi nikaomba tuliache. Nilichekwa. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe jino likikung'oka ukubwani, huwa unasubiri liote?"

Nilikuwa na sababu yangu. Mwaka 2014 kikundi chetu kilipewa miche 200 ya mkangazi na mradi mmoja, tupande kwenye pengo lililoachwa na wapasua mbao wa usiku. Tulifanya kazi ya kujivunia. Tulifyeka kila kitu mpaka udongo ukaonekana, tukachimba mashimo kwa kamba, mistari imenyooka kama shamba la mkonge. Tukapigwa picha. Baada ya mwaka mmoja viwavi wanaotoboa vikonyo walikuwa wameshaimaliza karibu miche yote, iliyobaki imechanua matawi kama fagio. Nafasi ikachukuliwa na lantana, hadi leo huwezi kupita pale bila panga.

Kilichonikereketa si mikangazi kufa. Ni kwamba siku ile tunafyeka nilikuwa nakata vijiti vyenye majani ya kung'aa, virefu kama mkono, vingi sana, na mkononi nilikuwa navijua. Ilikuwa mitambara na misambu, miti ya asili ya msitu huu. Ilikuwa imekaa chini ya kivuli miaka mingapi sijui, inasubiri siku hiyo, na siku ilipofika tukaja na mapanga.

Basi pengo la mnyasa nikasema hili nalitazama tu. Naendelea chini.

#2 Kichwa Ngumu

Nimevuta kiti. Hiyo ya jino mzee amekupiga vibaya 😂

#3 MwanaMuheza

Pengo moja lile, mkilitazama kwa karibu, ni mapengo matatu.

Mizizi ilipong'oka pana shimo na kichuguu cha udongo mwekundu usio na jani hata moja. Katikati, pale shina lilipolala, miche midogo ya pembeni haikuguswa kabisa, mwanga umeongezeka kidogo tu. Na kule mwisho kilikokwenda kichwa cha mti, ni vurugu: matawi yamevunjana, kamba zimelaliana, rundo linapita kimo cha mtu, na jua kali.

Mwezi wa kwanza ukiingia pale ungesema msitu unakufa. Majani ya miche iliyozoea kivuli yaliungua, yakawa meupe pembeni. Majani laini yaliyokuwa kwenye mawe yalikauka kama karatasi. Ndani ya msitu uliofunga, mwanga unaofika chini ni kama asilimia 1 au 2 tu ya ule wa juu, sasa kiumbe aliyezoea hivyo ukimwanika ghafla lazima aumie.

Mwezi wa tatu kwenye udongo mwekundu ikajaa mikumba. Mnaijua, jani la duara kama sahani, kikonyo kimeshikia katikati ya sahani yenyewe. Sikuona mtu akiileta. Kwenye vurugu la matawi ikaja mipesi, ikaja lantana, na ikaja misizi, ule mti mgeni wa haraka. Na kule katikati kwenye shina, kimya. Hakikuota kitu kipya cha maana. Ila mitambara niliyoifungia vitambaa vyekundu, ilikuwa 11 usawa wa goti, ikatupa majani mapya yenye rangi tofauti na yale ya zamani. Ya zamani yakadondoka.

Mtambara kwa asiyeujua ni ndugu wa kungumanga, na makao yake makubwa ni milima hii ya mashariki ya Tanzania.

Leo ni mwaka wa sita. Mikumba imenipita mara sita, na ya kwanza imeanza kunyauka. Musizi mkubwa kuliko yote sijaupima, ila kichwa chake kiko usawa wa matawi ya chini ya miti mikubwa ya pembeni. Ile mitambara 11, miwili ilivunjwa na tawi lililodondoka, mmoja ulifukuliwa na nguruwe, minane ipo. Mitano kati yake nikinyoosha mkono siufikii ncha. Kwenye sehemu nyembamba ya hatua saba, pengo halipo tena: matawi ya miti ya pande mbili yamekutana juu.

Sikutumia shilingi, ukitoa vitambaa.

#4 Bwana_Viriba

Mkuu nakuheshimu ila uzi wako una hatari. Nafanya kazi za vitalu, nina viriba 600 vya miche ya asili vinasubiri mvua, na watu kama nyinyi mkianza kuandika "msitu unajiponya" ndio vijiji vinagoma kupanda. Mapengo yasiyopandwa nimeyaona yanamezwa na magugu na kamba miaka kumi, ishirini. Hilo umelisema mwenyewe, lantana imekuja. Umebahatika na mnyasa mmoja, unatutungia sheria.

#5 MwanaMuheza

Bwana_Viriba hapana sheria hapa, na wala sijasema msitu unajiponya popote pale. Nimesema kabla hujashusha kiriba, piga magoti uhesabu nani yupo. Tukimaliza kuhesabu ndipo tubishane.

Na mnyasa wangu si ajabu ya pekee. Misitu ya tropiki mingi inafunguka kidogokidogo hivi kila mwaka, sehemu kama moja kwa mia ya eneo lake. Piga hesabu: kila kipande kinapata zamu yake kwenye karne moja hivi. Miti yote unayoiona mikubwa ilipita kwenye pengo la namna hii, na hapakuwa na kitalu.

#6 Mpasua Mbao Mstaafu

Vijana, mimi ni mtu mzima, nimepasua mbao milima hiyo mnayoitaja. Niseme kidogo.

Miaka ya sitini tulikuwa na msumeno wa mikono miwili. Unachimba shimo, gogo linakaa juu, mmoja chini anameza vumbi. Mti mmoja wiki nzima. Mbao zinatoka msituni zimebebwa kichwani. Mahali pale ukirudi baada ya miaka mitano hupaoni, umepafunga msitu wenyewe. Sabini na kitu zikaja chensoo na matrekta ya minyororo, mashirika na mashirika, siyataji. Trekta halikuwa linachukua mti, lilikuwa linafungua barabara kuufuata mti. Linasukuma udongo wa juu wote, linashindilia chini unakuwa kama sakafu. Mtambara mmoja ukitoka umeua mingine kumi iliyokuwa michanga.

Zile njia za trekta nilizipitia tena juzijuzi nikienda msibani. Miaka arobaini na zaidi. Bado unazijua. Musizi, musizi, musizi, chini lantana. Ule wa shimo la msumeno sikuweza hata kuukumbuka ulikuwa wapi.

Kwa hiyo mnapobishana pengo linajiziba au halijizibi, ulizeni kwanza lilifunguliwa na nini.

#7 Kichwa Ngumu

Shikamoo mzee. Hii ndiyo maana ya kuwa na wazee humu.

#8 MwanaMuheza

Shikamoo mzee wangu. Umenifupishia kurasa tatu.

Naongezea kwa wasioelewa kwa nini trekta ni tofauti na upepo. Upepo ukiangusha mti, waliokuwa wanasubiri chini wengi wanabaki hai, na udongo unabaki na mbegu zake. Trekta linaondoa vyote viwili, miche na akiba ya mbegu. Anayebaki wa kuja ni mgeni anayeletwa na ndege au upepo.

#9 Dada Biolojia

Samahani nina swali la darasani. Kaka MwanaMuheza unasema mikumba ilikuja yenyewe. Kama mbegu zilikuwa udongoni miaka yote hiyo kwa nini zisiote siku zote? Unyevu upo, joto lipo. Zinajuaje kwamba juu kumefunguka?

#10 MwanaMuheza

Dada swali hilo lilinisumbua hata mimi, nikafanya jaribio la kienyeji.

Nilichota udongo wa juu, kina cha vidole vinne, ndani kabisa ya msitu mahali pasipo na mkumba karibu. Nikatandaza kwenye karai mbili. Moja nikaiweka uani juani, nyingine nikaiacha chini ya mbuni wenye kivuli kizito. Zote nikazifunika na kipande cha chandarua ili kusiingie mbegu ya nje, mke wangu ananiuliza kama sasa nalaza udongo. Maji asubuhi na jioni kwa zote. Wiki ya tatu karai la juani lilikuwa limeota vijani vingi, vilipokua nikavitambua mikumba 14, mipesi sita, na magugu. La kivulini lilikuwa na magugu mawili.

Sababu yake nilikuja kuelezwa na mtafiti aliyepita. Jani bichi linakula mwanga mwekundu, linaacha upite ule mwekundu wa mbali ambao jicho letu halioni vizuri. Kwa hiyo mwanga unaofika chini ya msitu si kwamba ni mdogo tu, umechujwa, umebaki makapi. Mbegu ndogo ya mkumba au mpesi ina kitu ndani yake kinachotofautisha mwanga mzima na makapi. Ikionja makapi inaendelea kulala. Na joto la mchana linalopanda na kushuka kwenye udongo ulio wazi nalo linaziamsha baadhi.

Mbegu kubwa kama ya mtambara haina mchezo huo. Ikidondoka inaota, inatoa majani machache, halafu inakaa na akiba aliyoachiwa na mama yake. Msambu ndio mvivu kuliko wote, mbegu yake inaweza kumaliza mwaka ardhini kabla haijaonyesha kichwa. Panya buku anazifukia huku na huku, nyingine anazisahau, na hapo ndipo msambu unapohamia.

#11 Dada Biolojia

Nimepata kazi ya kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu. Karai na chandarua. Asante sana kaka.

#12 Boda wa Fort Portal

Jambo wandugu, Kiswahili changu ni cha Uganda mnivumilie.

Huku kwetu Kibale kuna sehemu walikata miti mwaka 1968 na 1969, wakati bado ni hifadhi ya misitu, haijawa mbuga ya taifa. Sehemu moja walikata kidogo, nyingine wakakata sana, nyingine hawakugusa. Watafiti wamekaa hapo miaka mingi wakilinganisha. Ile iliyokatwa kidogo imerudi vizuri. Ile iliyokatwa sana, miti imekataa kurudi kama walivyotegemea. Mapengo yalikuwa makubwa mno, majani marefu na miiba ikajaa, kisha tembo wakapenda pale kwa sababu chakula kiko chini. Tembo akija anakanyaga miche, anavunja michanga, pengo linabaki wazi, majani yanazidi, tembo anarudi. Ni mduara.

Sasa huyo musizi mnayemsema kama mwizi, huku ni mtoto wa nyumbani. Pale msitu wa Budongo, tangu makala aliyoandika mtu wa misitu, Bwana Eggeling, mwaka 1947, inajulikana musizi ndiye anatangulia kwenye majani, anafungua njia. Baadaye chini yake inakuja miti mchanganyiko pamoja na mahogani, na mwisho kabisa anakuja muhimbi ambaye anatawala peke yake. Serikali ya zamani miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wanaua muhimbi kwa dawa ili mahogani ipate nafasi. Leo watu wanashangaa.

Kwa hiyo musizi anapita. Si wa kukaa.

#13 Bwana_Viriba

Kwenu anapita, huku kwetu amekaa. Ndugu wa Fort Portal njoo Kwamkoro uone. Mimi hoja yangu iko palepale: tusipopanda, musizi ndiye atakayepanda. MwanaMuheza umekiri mwenyewe uko kwenye pengo lako. Utaufanya nini?

#14 MwanaMuheza

Hapa ndipo patamu na ndipo mimi mwenyewe nimebadilika mawazo mara mbili.

Kwa wasiojua, musizi si mti wa Usambara. Uliletwa na watu wa kituo cha utafiti cha Amani, kile Wajerumani walichokifungua mwaka 1902. Baadaye ukapandwa kwa makusudi kwenye misitu iliyokwishakatwa, eti uwe mlezi, upe kivuli miti ya mbao iliyotakiwa kurudi. Bahati mbaya matunda yake hondohondo anayapenda kuliko posho. Hondohondo anaruka mbali, anakaa juu ya mti mrefu pembeni ya pengo, anatema kokwa chini. Unaona hesabu ilivyo: trekta linafungua, hondohondo anapanda. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani inatangazwa mwaka 1997, mti ulikuwa umeshaingia kila bonde.

Mwanzo nilikuwa kundi la "ukatwe wote". Nikaukata mmoja kwenye msitu wetu wa kijiji, kwa ruhusa ya kamati, mkubwa kiasi. Ulipoanguka ulifungua tundu jipya. Mnabashiri kilichoota kwenye tundu? Misizi sita.

Ndipo nikaanza kutazama chini ya misizi badala ya kutazama misizi. Mche wa musizi unaweza kuota kivulini lakini hauvumilii, chini ya mama yake unanyauka. Kinachovumilia pale chini ni mitambara, misambu na ndugu zao, kama tu mama zao wako karibu kudondosha mbegu. Sehemu nyingine chini ya musizi nimekuta miche ya asili imejaa. Sehemu nyingine, hasa kwenye zile njia za trekta za mzee, nimekuta lantana na karatasi za pipi.

Kwa hiyo kwenye pengo langu nimeamua hivi. Mche wa musizi ulio chini ya kimo changu, nang'oa kwa mkono, kila nikipita. Ule mkubwa uliotangulia nauacha mpaka mitambara iliyo chini yake ifikie ukubwa wa nguzo ya nyumba, hapo nitaubandua gome kuuzunguka, ufe umesimama, taratibu, majani yapukutike bila kufungua tundu la ghafla. Ndani ya hifadhi msijaribu hata hilo, kule bila kibali cha watu wa misitu utaenda kulieleza mahakamani.

Ndugu wa Fort Portal amesema kweli na Bwana_Viriba amesema kweli. Musizi unapita mahali penye mtu wa kumpisha.

#15 Shinyalu254

Wasee wa Tanga hii story ni tamu. Sisi Kakamega tunauita mutere na ni wa hapa, hatuna shida nao. Ila nina kitu kinafanana. Mapera. Si mti wa Afrika, lakini kwenye mashamba yaliyo kando ya msitu, mpera ulioachwa unavuta ndege na nyani, wanakula, wanakaa, wanaacha mbegu za miti ya msituni chini yake. Ukiangalia chini ya mpera mkubwa unakuta miche ambayo huwezi kuipata kwenye uwanja wa nyasi. Hata miche ya miti ile ya msitu mzee kabisa. Shangazi yangu alikata yote akapanda mahindi, sawa, mahindi nayo ni chakula. Nasema tu mgeni si lazima awe adui.

#16 Kichwa Ngumu

Nyani kumbe ni bwana miti 😂 na halipwi posho.

#17 Mtu wa Marangu

Naomba kuingiza mseri, nyinyi Wasambaa mnauita mkulo. Huo ni mti unaoivuruga nadharia yote ya miche inayosubiri.

Huku mlimani ukienda chini ya mseri mkubwa kutafuta miche ya mbegu utachoka. Mbegu zinashambuliwa na wadudu zikiwa bado juu mtini, zinazodondoka nzima ni chache, na zenyewe hazikai. Babu zetu walikuwa wakisema mseri hauzai. Lakini kata mseri, au uangushwe na upepo, subiri mwaka. Machipukizi yanatoka kwenye mizizi, mbali na kisiki, hatua kumi, kumi na tano, unafikiri ni miche kumbe ni vidole vya mti uleule. Ukichimba unaukuta mzizi.

Sasa mtu wa viriba akija na jembe kuchimba mashimo ya kupandia anakata mizizi hiyo. Na mwenye ng'ombe akiingiza mifugo kwenye pengo, chipukizi laini ndilo la kwanza kuliwa. Kwa mseri dawa ni kuzungushia uzio wa matawi, basi.

#18 Bwana_Viriba

Hilo la mseri silipingi, nimejaribu kuotesha mbegu zake, kwenye elfu nilipata kitu cha aibu siwezi kuandika hapa.

#19 Mama Iliki

Mimi sina elimu ya misitu, nauliza kama mkulima. Shamba langu la iliki marehemu mume wangu alilianzisha ndani ya msitu kabla haijakatazwa. Miti mikubwa tuliiacha kwa ajili ya kivuli, iliki haitaki jua. Chini tulikuwa tunapalilia kila mwaka, miaka zaidi ya ishirini. Sasa iliki imechoka, haizai, nimeiacha. Mwaka jana mti mmoja mkubwa umeanguka, mwaka huu mwingine. Nimesoma uzi wote nikaenda kupiga magoti kama mlivyosema. Hakuna kitu. Kuna mashina ya iliki na majani ya mwitu. Hao wanaosubiri wako wapi?

#20 MwanaMuheza

Mama shikamoo. Swali lako ndilo nililokuwa naliogopa katika uzi huu, kwa sababu jibu lake linanitoa kwenye hoja yangu.

Hawapo. Miaka ishirini ya palizi ilikuwa inawaondoa mmojammoja kila msimu. Kwa mbali shamba la iliki linaonekana msitu kamili, hata kwenye picha za angani utasema ni msitu, lakini ni nyumba yenye wazee peke yao. Kila mzee akianguka hakuna kijana nyuma yake. Huko ndiko pengo linageuka pori la magugu kweli, kama alivyosema Bwana_Viriba mwanzoni.

Naomba unijibu mambo matatu. Msitu mzima uko umbali gani kutoka shambani? Miti mikubwa iliyobaki ni ya aina gani, kuna mtambara au msambu unaodondosha? Na ng'ombe au mbuzi wanaingia?

#21 Mama Iliki

Msitu uko ng'ambo ya kijito, kurusha jiwe. Mitambara iliyobaki ni mitatu, msambu mmoja, huo nauokotea mbegu za kuuza mafuta. Minyasa iko kama mitano karibu na maji. Mbuzi wanaingia, ni wa shemeji yangu.

#22 Mpasua Mbao Mstaafu

Mama, mbuzi wa shemeji ndio tatizo gumu kuliko yote yaliyotajwa hapa.

#23 MwanaMuheza

Mzee 😂

Mama, kama mbegu za mama zao zipo na msitu uko ng'ambo ya kijito, hatua ya kwanza haina gharama: acha kupalilia kabisa upande wa kijito, upana wa hatua 20 hivi, na kwenye msambu acha walau matunda mawili matatu kila msimu yasiokotwe, panya buku naye ana kazi yake. Ng'oa mashina ya iliki yanayofunika udongo kwa kivuli kizito. Huku juu shambani, yalipoanguka yale mawili, hapo usisubiri. Hapo papandwe. Na si kwa mistari, na si juani katikati, bali pembeni ya pengo ambako kuna nusu kivuli, miche ya mtambara na msambu, na michache ya haraka katikati kama mshai kuua nyasi.

Bwana_Viriba upo?

#24 Bwana_Viriba

Nipo. Nina mitambara 140 na misambu 60 kwenye vile viriba 600. Mama nitumie ujumbe wa faragha unieleze ni upande gani.

#25 Bwana_Viriba

Narudi baada ya wiki tano, nitoe taarifa maana nimedaiwa.

Kwanza nilikwenda kwenye lile pengo nililokuwa nimepangiwa kupanda, upande wa juu wa kijiji, tawi kubwa la mbula lilivunjika na kuangusha miti miwili. Nimepiga magoti. Nimejiwekea mraba wa hatua tano kwa tano kwa kamba ya katani, nikahesabu kila mche wa mti usiozidi kiuno. Mraba wa kwanza 23. Nikadhani nimekosea, nikamwita kijana ahesabu naye, akapata 26 kwa sababu kuna mitatu iliyokuwa chini ya jani la ndizi mwitu. Mitambara tisa, misambu mitano, mingine sijaijua. Mraba wa pili, palipolala matawi, minne. Sijapanda hata kiriba kimoja. Nimewaambia vijana wakate kamba zilizoilalia miche tu, wasifyeke.

Wenye mradi wameniuliza miche iko wapi, fomu inataka namba ya iliyopandwa. Nimewaandikia namba ya iliyohesabiwa, hawajajibu bado.

Pili, kwa Mama Iliki tumepanda 120 kuzunguka yale mapengo mawili. Shemeji alikuja kutuangalia. Tumekubaliana mbuzi wafungwe mpaka vuli, na mimi nimempa miche kumi ya parachichi ya kubandika.

Vimebaki viriba 480. MwanaMuheza, zile njia za trekta za mzee, hapo hakuna anayesubiri kitu, au siyo?

#26 MwanaMuheza

Hakuna. Ila udongo wake ni sakafu kama alivyosema, panga halizami. Njoo na sururu, na mche usiuweke kwenye njia yenyewe, uweke ukingoni palipo na tuta la udongo uliosukumwa, huko ndiko ulikokwenda udongo wa juu. Nitaomba kibali cha kamati Jumatatu. Tukikipata, siku mbili baada ya hapo tunaweza kuanza, ila njia ya juu ina utelezi, usije na viatu vya mjini.

#27 Mpasua Mbao Mstaafu

Nitumieni nauli niwaonyeshe zilipopita. Nyingine hamtaziona bila mimi.